Ngitili, Lambo na Haki ya Mnyonge



Wasomaji wetu wapenzi, mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hulidhani kuwa ni kazi ya maofisa peke yao, nalo ni kuipanga ardhi na kuyatunza maji. Mtu akisikia habari za mpango wa matumizi ya ardhi, mara humfikiria bwana mpima na vigingi vyake, na ramani iliyotundikwa ofisini, akasema, “Hayo hayanihusu mimi.” Walakini ukilichungua jambo hili utaona kwamba chini ya ramani ile pana swali moja la haki, nalo ni hili: siku ambayo maji na majani yatakuwa machache, ni nani atakayepata, na ni nani atakayekosa? Swali hilo si la maofisa tu. Ni swali la kila mtu aaminiye kwamba atasimama mbele ya Mola wake na kuulizwa juu ya amana aliyopewa.

Twachukua mfano wa Nyalikungu, kata iliyo katika mji wa Maswa, Mkoa wa Simiyu. Mkoa huu uliundwa mwaka wa 2012. Kabla ya hapo Maswa, Bariadi na Meatu zote zilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga, na kwa hivyo habari nyingi za Shinyanga ya zamani ni habari za Nyalikungu pia. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika mkoa huu watu 1,584,157. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,140,497. Yaani katika miaka kumi wameongezeka watu zaidi ya laki tano na nusu, na ardhi haikuongezeka hata shubiri moja. Watu hawa wote wataka mahali pa kujenga, pa kulima, pa kuchunga, na pa kuteka maji. Asiyetaka kupanga, basi amechagua kugombana.

Wala tusidhani kwamba kupanga kumeletwa na wageni. Wazee wa Kisukuma hawakuwa na ramani ya karatasi, lakini mpango walikuwa nao. Juu ya vilima waliyaacha mawe na miti yake. Chini kidogo, kwenye ardhi nyepesi ya kichanga waiitayo luseni, walijenga na kulima. Chini kabisa, kwenye udongo mweusi wa mbuga, palikuwa na malisho, na baadaye majaruba ya mpunga. Tena walikuwa na desturi ya kufunga sehemu ya malisho masika yote, mifugo isikanyage, ili majani yakue na kusimama mpaka kiangazi. Kiangazi kikishika, na majani ya kwingine yakiisha, ndipo hufungua sehemu ile na kulisha ng'ombe wao, kipande baada ya kipande. Sehemu hiyo iliyofungwa huitwa ngitili. Ndani yake miti hupona, nyuki hukaa, dawa na kuni hupatikana, na mizizi huushika udongo usichukuliwe na mvua.

Desturi hiyo njema ilipatwa na misiba. Wakati wa utawala wa Waingereza mapori makubwa yalikatwa ili kuwafukuza mbung'o, wadudu waletao ugonjwa wa malale na nagana. Kisha likaja zao la pamba, na mashamba yakapanuka, na mifugo nayo ikazidi. Katika miaka ya 1970 ikaja Operesheni ya Vijiji, watu wakahamishwa wakae pamoja, na ngitili nyingi zikaachwa nyuma bila mwenyewe wala mlinzi. Miti ikakatwa, majani yakaliwa mpaka mizizi, na upepo ukapeperusha udongo.

Mwaka wa 1986 Serikali ya Tanzania ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao watu wengi waujua kwa jina la HASHI. Mwanzoni mwa mpango huo ngitili zilizokuwa zikijulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufika miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimerudi zaidi ya hekta 300,000, katika vijiji 833. Ni jambo la kustaajabisha, na siri yake si kubwa. Miti mingi haikupandwa na mtu, bali iliota yenyewe kutoka visiki na mbegu zilizokuwamo ardhini, baada ya watu kukubaliana kuifunga ardhi na kuiacha ipumue. Mabwana miti walifundisha, lakini walinzi walikuwa wanavijiji wenyewe kwa sheria zao za mila, zilizokatwa katika mikutano yao iitwayo dagashida, na aliyezivunja alitozwa faini mbele ya jirani zake.

Mpaka hapa habari ni ya kufurahisha. Lakini upo upande wa pili ambao yapasa tuutazame kwa macho mawili. Utafiti uliofanywa katika vijiji 172 vya Shinyanga ya wakati ule ulikuta ngitili 18,607. Kati ya hizo, za jumuiya zilikuwa 284 tu. Zote zilizobaki zilikuwa za watu binafsi na jamaa zao. Hatusemi kuwa ni kosa mtu kufunga ardhi yake na kuitunza. Huyo amefanya vyema, naye ale jasho lake. Lakini mwenye ardhi kubwa ndiye awezaye kufunga, na asiye na ardhi hufungiwa. Mjane mwenye mbuzi wawili na kishamba kidogo atafunga nini? Kijana aliyeanza maisha kwa ndama mmoja wa mahari ya dada yake atamlisha wapi mwezi wa Septemba? Hao tegemeo lao ni ile sehemu ya jumuiya. Na sehemu ya jumuiya ndiyo imezwayo upesi zaidi, huyu akisogeza mpaka wake hatua kumi, na yule akilima pembe moja, mpaka jina la ngitili likabaki bila ngitili.

Basi tuone dini yetu imesema nini. Waarabu wa zama za ujahili walikuwa na desturi ifananayo na ngitili, iliyoitwa hima, yaani malisho yaliyofungwa. Lakini ilikuwa hima ya dhulma. Wanavyuoni wamesimulia kwamba mtu mkubwa alikuwa akifika nchi yenye rutuba hupanda mahali palipoinuka, akambwekesha mbwa wake, na mpaka wote ambao sauti ya mbwa ilifika, ardhi ile ikawa yake peke yake. Kisha yeye aliendelea kuchunga pamoja na wengine katika malisho yao. Kwake hawaingii, na kwao yeye huingia. Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) alipokuja aliibatilisha desturi hiyo, akafundisha kwamba hakuna hima illa ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake, na maana yake ni kwamba ardhi hufungwa kwa maslaha ya watu wote, si kwa kiburi cha mmoja. Naye mwenyewe alipafunga Naqii, karibu na Madina, kwa ajili ya farasi wa Waislamu.

Kisha katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (r.a.) palikuwa na hima, na juu yake alimweka mlinzi aliyeitwa Hunayy. Maagizo aliyompa yamepokewa katika Sahihi ya Bukhari, na kila mwenyekiti wa kijiji angefaa kuyajua. Alimwamuru awe mpole kwa watu, na aiogope dua ya aliyedhulumiwa, maana dua hiyo hupokewa. Akamwambia amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye mbuzi wachache, na ajihadhari na makundi ya Abdurrahman bin Auf na ya Uthman bin Affan. Nao hao ni masahaba wakubwa na watu wa Peponi! Sababu yake aliieleza. Wao wanyama wao wakifa wanayo mashamba na mitende ya kurejea, lakini maskini wanyama wake wakifa atakuja na watoto wake kulia mbele ya khalifa, na haitakuwa halali kumwacha. Ndipo akaongeza kwamba maji na majani ni rahisi zaidi kwake kuliko kutoa dhahabu na fedha.

Ndugu msomaji, yatafakari maneno hayo. Sayyidna Umar hakusema kila mtu aingie sawasawa. Tufanye hesabu ya mfano tu. Kijiji kina ngitili moja ya jumuiya. Tajiri mmoja ana ng'ombe 200, na nyumba ishirini za watu wa kawaida zina ng'ombe watano watano, jumla yake 100. Siku ya kufungua, wote wakiingia pamoja, basi theluthi mbili ya majani italiwa na ng'ombe wa mtu mmoja, na baada ya siku chache wote watatoka. Huyo tajiri ataswaga kundi lake kwenda mbali, au atauza kumi na kununua mashudu ya pamba kuwalisha waliobaki. Wale wengine watabaki kuwatazama ng'ombe wao wakikonda. Mlango ulifunguliwa kwa wote, na mambo yakaonekana kuwa ni usawa. Lakini haki haikutendeka.

Kwa hivyo mpango wa ardhi ulio mwema hautoshi kuchora mistari na kusema hapa ni malisho, hapa ni mashamba, na hapa ni makazi. Yapasa useme pia ni nani huingia kwanza, kwa idadi gani ya wanyama, na kwa muda gani. Hiyo ndiyo mizani ya hima ya Kiislamu, na mpango usioupima unyonge wa mnyonge katika mwezi wa kiu ni ramani tu.

Maji ni hivyo hivyo. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba watu ni washirika katika maji, majani na moto. Na Qur'ani Tukufu yatusimulia habari ya Nabii Saleh (a.s.) na watu wa Thamud, jinsi walivyoamrishwa kuyagawa maji kwa zamu, siku ya ngamia na siku yao, na jinsi walivyoangamia walipomuua ngamia yule. Twaona basi kwamba kuvunja zamu ya maji halikuwa jambo dogo mbele ya Mwenyezi Mungu. Kadhalika alipokuja Zubair (r.a.) na mtu wa Kiansari wakigombania mfereji, Mtume (s.a.w.) alihukumu kwamba aliye juu anyweshe shamba lake, kisha ayaache maji yamfikie jirani yake wa chini. Aliye juu ana haki ya kutangulia, lakini hana haki ya kuyazuia.

Mji wa Maswa hupata maji yake kutoka Bwawa la New Sola, na vijijini watu na mifugo hutegemea malambo, visima, na mashimo yachimbwayo katika mchanga wa mito iliyokauka. Bwawa la udongo lina adui wawili, jua na tope. Jua hatuna uwezo nalo. Tope ni la mikono yetu. Mtu akilima mpaka ukingoni mwa lambo, na ng'ombe wakishuka kunywa kila upande bila njia maalum, mvua ya kwanza huteremsha udongo ndani, na kila mwaka kina hupungua. Lambo lililochimbwa kwa jasho la kijiji kizima hugeuka kuwa jaruba la matope.

Mafakihi wetu tangu zamani wamezungumza juu ya harimu ya kisima, yaani ardhi iliyo pembezoni mwa kisima ambayo hairuhusiwi mtu kuimiliki wala kuchimba wala kujenga, ili maji yasidhurike na wanyama wapate pa kupumzikia. Nayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania, Na. 20 ya mwaka 2004, imekataza shughuli za kudumu za wanadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa na bwawa. Tazameni jinsi sheria ya nchi na fikihi zinavyokutana! Basi Mwislamu alimaye ndani ya mita hizo asijidanganye kwamba anamkwepa ofisa tu, kwani anakula haki ya kila ateaye maji pale.

Huenda mtu akasema, “Shida hiyo itakwisha, bomba la Ziwa Viktoria laja.” Ni kweli kwamba mwaka wa 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha, kwa ushirikiano na Ujerumani, kwa mradi mkubwa wa kuleta maji ya ziwa katika wilaya tano za Simiyu: Busega, Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu. Hiyo ni neema ya kushukuriwa. Lakini ziwa lenyewe si kisima kisichodhurika. Mto Simiyu hukusanya maji ya sehemu kubwa ya nchi hii na kuyamwaga katika Ghuba ya Speke, na pamoja na maji huchukua udongo wa mashamba yetu, mbolea na dawa za pamba. Tope hilo huwafikia wavuvi wa Magu na Busega, mahali ambapo samaki hutaga. Tukiharibu hapa juu, twayachafua maji ambayo kesho twataka turudishiwe kwa bomba.

Mtume (s.a.w.) alipiga mfano wa watu waliopanda jahazi, wengine wakawa juu na wengine chini. Wale wa chini, kwa kuchoka kupanda juu kuteka maji, walitaka kutoboa sehemu yao. Akafundisha kwamba wa juu wakiwaacha, wote wataangamia, na wakiwashika mikono, wote wataokoka. Nchi ya Simiyu ni jahazi hilo. Tofauti ni kwamba hapa wa juu ndio watoboao, na wa ziwani ndio waingiwao na maji machafu kwanza.

Sasa tuseme lililo wajibu wetu. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, kama mdhamini asimamiavyo mali ya wengine. Na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, Na. 6 ya mwaka 2007, imeweka njia ya kijiji kujipangia ardhi yake. Mpango hautimii mpaka Mkutano Mkuu wa Kijiji uukubali, na katika mkutano huo kila mwanakijiji aliyetimiza miaka 18 ana sauti, mwanamume na mwanamke. Sheria ya mwaka 1999 imesema wazi kwamba mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawa na mwanamume, na katika Baraza la Ardhi la Kijiji lenye watu saba, watatu sharti wawe wanawake. Katika mji, kama ulivyo Maswa, mambo huongozwa na Sheria ya Mipango Miji, Na. 8 ya mwaka 2007, nayo pia yataka wananchi wasikilizwe.

Basi enyi akina baba, mkutano ukiitishwa msikae barazani mkinywa kahawa na kulaumu. Nendeni. Enyi akina mama, ninyi ndio mjuao kisima kipi hukauka kwanza na njia ipi ya kuni imefungwa. Elimu hiyo msiifiche. Pale kijijini mtakaa pamoja na jirani wa dini nyingine, na haki ya jirani hao katika maji na majani ni sawa na haki yenu. Ulizeni maswali matatu. Mipaka ya ngitili ya jumuiya iko wapi, na imeandikwa? Ni nani huingia kwanza kiangazi? Na mita 60 za lambo letu ziko salama? Wala mtu asiogope kumuuliza tajiri, maana Sayyidna Umar hakumwogopa Uthman. Na tajiri asikasirike akiulizwa, maana Uthman (r.a.) ndiye aliyekinunua kisima cha Ruma, ambacho maji yake yalikuwa yakiuzwa, akakifanya wakfu kwa Waislamu wote.

Nanyi vijana wetu, jifunzeni kazi hii. Nchi yahitaji wapima ardhi, mabwana miti na wahandisi wa maji walio waaminifu, na mtu akiisoma elimu hiyo kwa nia njema yu katika ibada. Walio shuleni waanze na yaliyo karibu. Wapande miti ya mpakani kwa idhini ya wazee, wafukie makorongo madogo kwa mawe kabla hayajawa makubwa, na watie udhu kwa maji machache, kwani Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja tu, kiasi cha viganja viwili vilivyojaa. Ajifunzaye kutosheka na maji kidogo birikani hatakuwa mtu wa kuiba zamu ya mwenziwe lamboni.

Na mwisho tukumbushane onyo la Mtume (s.a.w.), kwamba atwaaye shubiri ya ardhi kwa dhulma atavikwa shingoni siku ya Kiyama ardhi hiyo mpaka tabaka ya saba. Kigingi cha mpaka ni kidogo, na mtu aweza kukisogeza usiku asionekane na yeyote. Lakini yuko Aonaye.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe mvua ya rehema, na viongozi wapole kama alivyoamrishwa Hunayy awe, na nyoyo zinazoogopa dua ya mnyonge. Amin.

Wabillahi taufiki.